Istilahi za Mafuriko na Mahitaji ya Uwanda wa Kati

Istilahi hupimwa mara mbili. Kwanza hupimwa mezani, pale wajumbe wa kamati wanapoulizana kama neno ni fupi, kama linanyambulika, na kama halijachukuliwa na fani nyingine. Pili hupimwa nje ya ukumbi, pale mtu asiyejua lolote juu ya kamati hiyo anapolazimika kutenda jambo kwa kulitegemea neno hilo. Istilahi nyingi hazifiki kamwe kwenye kipimo hiki cha pili. Neno la sarufi au la uhasibu likikosewa, hasara yake ni mkanganyiko na majibizano ya wasomi. Lakini istilahi za mvua na mafuriko hufikishwa huko kila mwaka. Taarifa husomwa redioni jioni, na usiku huohuo mkulima wa Bahi, mfugaji wa Mpwapwa au dereva wa lori aliyesimama kando ya mto huamua kama atalala, atahama au atavuka.

Makala haya yanakusudia kuzichunguza baadhi ya istilahi zinazotumika katika taarifa na tahadhari za mafuriko nchini mwetu, na kuzipima kwa kuutazama Mkoa wa Dodoma na uwanda wa kati kwa jumla. Hoja yetu ni moja. Msamiati wa mafuriko tulio nao umejengwa zaidi kwa kuitazama pwani na jiji la Dar es Salaam. Unapopelekwa katika uwanda wa kati hushindwa kumwambia msikilizaji mambo matatu anayoyahitaji: maji yatatoka wapi, yatapita wapi, na yatafika baada ya muda gani. Hatusemi kwamba wataalamu wa hali ya hewa na wa maji hawayajui mambo hayo. Wanayajua vizuri. Upungufu umo katika safari ya maarifa hayo kutoka kwenye hesabu hadi kwenye neno, na safari hiyo ndiyo inayotuhusu sisi tunaoshughulika na lugha.

Nchi yenyewe

Kabla ya kuyachambua maneno, yafaa tuitazame nchi ambayo maneno hayo yanapaswa kuieleza.

Dodoma hupata mvua ya kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Ardhi hukauka ikawa ngumu, majani huisha, na mvua za kwanza zinapofika aghalabu hazinyeshi pole pole bali hupiga kwa nguvu kwa muda mfupi. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo milimita 50 zikinyesha juu ya kilometa moja tu ya mraba, ni lita milioni 50 za maji zilizotua hapo. Juu ya ardhi ngumu isiyo na majani, sehemu kubwa ya maji hayo haizami. Hukimbia.

Yanakokimbilia ni kwenye mito ambayo kwa muda mrefu wa mwaka haina maji ya kuonekana. Kinyasungwe hushuka kuelekea mashariki kupitia Gulwe, maji yake yakawa ya Mkondoa, kisha ya Wami, hadi Bahari ya Hindi. Bubu hutoka upande wa Kondoa, huteremka kusini, na kuishia katika kinamasi cha Bahi pasipo kuiona bahari. Kizigo hupeleka maji yake upande wa Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera. Wakati wa kiangazi mito ya namna hii ni njia pana za mchanga. Watu huchimba visima katika mchanga huo, hunywesha mifugo humo, na magari huvuka humo. Mto mkavu wa uwanda wa kati, kwa hiyo, ni mahali pa kazi, na watu wamo ndani yake hasa mwishoni mwa kiangazi, yaani wakati uleule mvua za kwanza zinapokaribia.

Hata jina la Dodoma lina habari ya maji na tope. Husimuliwa kwamba latokana na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama, kwa sababu ya tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia katika tope. Ukweli wa kisa hicho tuwaachie wanahistoria. Kinachotuhusu ni kwamba wenyeji wa nchi inayosifika kwa ukame walipotaka kuieleza asili ya jina lake, walisimulia habari ya ardhi iliyolainika na kummeza mnyama mkubwa kuliko wote.

Mafuriko, gharika na ghafla

Neno letu la msingi ni mafuriko, linalotokana na kitenzi kufurika. Chungu hufurika, mto hufurika, na uwanja wa mpira hufurika watu. Katika mifano yote hiyo kuna chombo kilichojaa hadi kikazidiwa. Picha iliyomo katika neno ni ya maji yanayopanda kidogo kidogo mbele ya macho ya mtu hadi yakapita ukingo. Picha hiyo inaufaa mto mkubwa wenye maji mwaka mzima. Hauwezi kulaumiwa Mto Rufiji kwa kutolifaa neno mafuriko. Lakini mto wa mchanga haufuriki kwanza. Hufikiwa kwanza. Mvua hunyesha milimani au katika wilaya jirani, mbingu juu ya kivuko ni nyeupe, na maji huja yakiwa yamebeba magogo na tope katika njia ambayo dakika chache zilizopita ilikuwa kavu. Anayesubiri kuona maji yakipanda hatayaona yakipanda, atayaona yakija.

Tuna pia neno gharika, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kuzama majini. Neno hili limezoeleka katika habari za Nabii Nuhu, na kwa hiyo limebeba uzito wa adhabu na wa maangamizi ya wote. Waandishi wa magazeti hulipenda kwa vichwa vya habari. Kwa istilahi halifai, kwani tukio likiisha kuitwa gharika, mtu haulizi tena kalavati lilizibwa na nini wala kiwanja kiligawiwa na nani.

Kwa maji yanayokuja kwa haraka, taarifa nyingi sasa hutumia mafuriko ya ghafla. Wataalamu wana maana mahususi: ni mafuriko yanayotokea katika muda mfupi, aghalabu usiozidi saa 6, tangu kunyesha kwa mvua iliyoyasababisha. Kwa hiyo kipimo chake ni muda uliopo kati ya mvua na maji. Lakini neno ghafla katika Kiswahili halipimi muda huo. Hupima hali ya yule aliyefikiwa. Ni ndugu wa kughafilika, na mtu aliyeghafilika ni yule ambaye hakuwa ameangalia. Jambo la ghafla ni jambo ambalo hatukulitarajia.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Katika istilahi, mafuriko ya ghafla ni mafuriko yanayokuja haraka, na yanaweza kutarajiwa kabisa. Katika lugha ya kila siku, ni mafuriko ambayo hakuna aliyeweza kuyajua. Ofisa akiandika katika ripoti kwamba kijiji kilikumbwa na mafuriko ya ghafla, msomaji huelewa kwamba hapakuwa na la kufanya. Neno la elimu limegeuka kuwa neno la udhuru. Kama korongo hilohilo limejaa mara tatu katika miaka kumi, maji yake ni ya haraka, lakini si ya ghafla.

Je, tuling'oe neno hili? Wako watakaopendekeza mafuriko ya kasi. Sisi hatuoni kwamba inafaa. Mto mkubwa nao unaweza kuwa na kasi, na kasi ni ya maji yenyewe, si ya muda uliopo kati ya mvua na maji. Aidha mafuriko ya ghafla yamekwisha zoeleka kwa watangazaji na kwa wananchi, na neno lililoota mizizi haling'olewi ila kwa sababu kubwa. Rai yetu ni kulibakiza, lakini lisitumike peke yake. Kila linapotajwa katika tahadhari, lifuatwe na muda: maji yanaweza kufika kabla hakujapambazuka, maji yanaweza kufika hata kama hapo ulipo mvua hainyeshi. Sentensi hii ya pili ndiyo iliyo na thamani kubwa kwa mtu wa uwanda wa kati, na tungependa iwe fungu la kudumu katika kila tahadhari inayohusu mito ya mchanga.

Wastani

Tuje sasa kwenye neno ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye madhara zaidi, kwa sababu halionekani kuwa na dosari yoyote. Neno hilo ni wastani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa mwelekeo wa mvua za msimu mzima, huzigawa mvua katika mafungu matatu: chini ya wastani, wastani, na juu ya wastani. Mvua za wastani ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya kiasi cha miaka mingi cha mahali hapo. Matumizi haya ni sahihi kihesabu. Kisha mamlaka hiyohiyo inapotoa tahadhari ya siku chache zijazo, huonyesha uwezekano wa tukio kutokea na kiwango cha athari zake, na hapo tena hutumia neno wastani, safari hii kwa maana ya kiasi cha kati, si kidogo wala si kikubwa. Basi neno moja, kutoka ofisi moja, katika msimu mmoja, lina maana mbili. Maana ya kwanza ni jumla ya mvua ikilinganishwa na miaka iliyopita. Maana ya pili ni daraja la hatari.

Iko na maana ya tatu, nayo ni ya msikilizaji mwenyewe. Katika lugha ya kila siku, kitu cha wastani ni kitu kisicho cha kuogofya. Mtu wa kipato cha wastani si tajiri wala si fukara, na mwanafunzi wa wastani hamsumbui mwalimu. Mkulima akisikia kwamba mkoa wake utapata mvua za wastani, huelewa kwamba mvua zitakuwa za upole. Hilo silo lililosemwa. Jumla ya milimita 570 katika miezi mitano inaweza kufika kwa manyunyu ya siku nyingi, na inaweza pia kufika kwa dhoruba chache ambazo mojawapo peke yake imeleta milimita 80. Misimu hiyo miwili ina wastani mmoja. Mmoja ni wa mavuno, na wa pili ni wa maziko.

Kiwango cha milimita 50 ndani ya saa 24, ambacho mamlaka imekuwa ikikitumia kutambulisha mvua kubwa, kina tatizo la jamii hiyohiyo. Kwa Dodoma, milimita 50 ni takriban sehemu moja ya kumi na moja ya mvua ya mwaka mzima, iliyoshuka kwa siku moja. Kwa Dar es Salaam, inayopata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, ni chini ya sehemu moja ya ishirini. Mvua ni kubwa katika miji yote miwili, lakini ukubwa wake juu ya ardhi si sawa. Neno halina budi kuwa moja kwa nchi nzima, tunakubali. Ila maelezo yanayolifuata si lazima yawe mamoja.

Hali kadhalika jina la majira. Kwa maeneo yenye mvua za vipindi viwili tuna majina mawili mazuri, vuli na masika. Kwa maeneo kama Dodoma, yenye kipindi kimoja kuanzia Novemba hadi Aprili, taarifa huandika mvua za Msimu, kwa herufi kubwa. Lakini redio haina herufi kubwa. Anayesikia mvua za msimu husikia mvua za majira yoyote yale, na hajui kwamba yeye ndiye anayesemeshwa. Ingetosha kusema mvua za msimu mmoja, au kuutaja mkoa kwanza na mvua baadaye.

Mabondeni

Katika tahadhari nyingi za mafuriko wananchi wanaoishi mabondeni hutakiwa kuhama au kuchukua hadhari. Neno hili limetoka Dar es Salaam, na huko lina maana isiyo na utata. Mtu wa Jangwani anajua kwamba yuko katika bonde la Mto Msimbazi. Baada ya mvua za Desemba 2011, zilizoua watu wapatao 40 katika jiji hilo, baadhi ya familia za mabondeni zilipewa viwanja Mabwepande, na tangu hapo neno mabondeni limekuwa karibu jina la hali ya maisha ya watu fulani kuliko jina la umbile la nchi.

Lipeleke neno hilo Dodoma. Bonde liko wapi? Sehemu kubwa ya nchi ni tambarare yenye vilima vya mawe hapa na pale. Mtu aliyejenga nyumba mita mia mbili kutoka kwenye njia ya mchanga, katika uwanja ulio sawa kwa macho, hajioni kuwa yuko bondeni, na akisikia wakazi wa mabondeni wakiamriwa kuhama huwaonea huruma watu hao wa mbali. Tahadhari imefika masikioni mwake bila ya kumgusa.

Ilhali Kiswahili cha uwanda huu kina maneno yake. La kwanza ni korongo, yaani njia iliyochimbwa na maji, yenye kuta za udongo na sakafu ya mchanga. Hili ni neno sanifu, linajulikana kwa kila mtu, na lilikuwa na kazi kubwa katika elimu ya hifadhi ya ardhi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulioanza mwaka 1973 na uliosababisha mifugo kuondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa mwaka 1979, ulihusu makorongo kuliko kitu kingine chochote. Lakini katika istilahi za mafuriko, korongo halina nafasi. Huhesabiwa kuwa ni jeraha la ardhi, si njia ya maji ya kesho.

La pili ni mbuga. Leo neno hili likitajwa, mawazo ya wengi huenda kwa simba na watalii. Katika uwanda wa kati na nchi za jirani upande wa magharibi lina maana nyingine ya zamani: nchi ya chini iliyo sawa, yenye udongo mweusi mzito, unaopasuka wakati wa kiangazi na kushikilia maji wakati wa mvua. Maana hiyo ilikuwa ya hakika kiasi kwamba wataalamu wa udongo wa enzi za ukoloni waliichukua kama ilivyo wakaiingiza katika maandishi yao ya Kiingereza, kwani hawakuwa na neno lao lililotosha. Sisi wenyewe tumeiacha ififie. Matokeo yake ni kwamba ofisa mgeni anayepewa kiwanja mahali wenyeji wanapopaita mbuga hapati onyo lililomo katika jina hilo.

Jambo hili si dogo kwa Dodoma ya leo. Idadi ya wakazi wa jiji ilikuwa 410,000 hivi katika sensa ya mwaka 2012. Katika sensa ya mwaka 2022 ilizidi 765,000. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, mapaa, lami na sakafu za saruji zimefunika ardhi ambayo awali ilinywa walau sehemu ya mvua. Wengi wa wakazi hawa wametoka mikoa mingine. Hawana kumbukumbu ya maji ya mahali walipojenga, na kumbukumbu pekee wanayoweza kupewa haraka ni ile iliyomo katika majina na maneno.

Tukio likikosa jina

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, katika Mkoa wa Manyara, kaskazini mwa uwanda huu, yakapiga mji wa Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na ni wa asili ya volkano.

Katika siku za kwanza tukio hili liliitwa mafuriko, mafuriko ya matope, maporomoko ya ardhi, maporomoko ya udongo na maporomoko ya tope. Wako waliohofia kwamba mlima umelipuka. Ilibidi Serikali ieleze, kwa kutegemea uchunguzi wa wataalamu, kwamba hapakuwa na mlipuko wa volkano wala tetemeko, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikameguka na kugeuka tope.

Si haki kumlaumu mtangazaji aliyetafuta neno huku watu wakifukuliwa. Lakini yatupasa tuseme kwamba majina hayo matano hayana maana moja, na kila jina lamwelekeza mtu kutenda jambo jingine. Akisikia mafuriko, hupandisha vitu juu ya meza na dari. Akisikia maporomoko ya ardhi, humdhania aliye kwenye mteremko kuwa ndiye pekee aliye hatarini. Tope lile lilifuata njia za maji likawafikia watu waliokuwa chini, mbali na mahali mlima ulipomeguka, na lilikuwa zito kiasi cha kubomoa nyumba. Meza haisaidii. Kinachosaidia ni kuondoka katika njia ya maji kwenda pembeni, mahali palipoinuka.

Tunapendekeza kwamba maporomoko ya tope yawe istilahi ya tukio la namna hii, na kwamba mafuriko ya tope yaachwe kabisa, kwa kuwa kufurika ni kupanda, na tope hili halikupanda, liliporomoka. Maporomoko ya ardhi yabaki kuwa istilahi ya jumla ya kumeguka kwa mteremko.

Nyumba kuzungukwa na maji

Athari ambayo tahadhari zetu huitaja mara nyingi ni baadhi ya makazi kuzungukwa na maji. Maneno haya yana adabu, na kwa nyumba ya saruji yana ukweli. Maji huizunguka, hukaa siku mbili, huondoka. Lakini sehemu kubwa ya nyumba za vijijini katika uwanda wa kati ni za matofali mabichi au za miti na udongo, na zipo bado tembe za Wagogo zenye paa la udongo. Nyumba ya namna hiyo ikizungukwa na maji, msingi wake hunyonya, ukuta hulainika kuanzia chini, na paa hushuka juu ya waliolala. Haihitaji maji kuingia ndani ili iue. Basi kitenzi kuzungukwa, ambacho katika jedwali ni athari nyepesi, kwa mkazi wa nyumba ya udongo ni athari nzito kabisa. Ingefaa kuongeza maneno manne tu: na kuta kuweza kuanguka.

Kuhusu daraja za tahadhari zenyewe, mamlaka hutumia angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zikiambatana na rangi ya njano, ya machungwa na nyekundu. Mpangilio ni mzuri kwenye karatasi na kwenye luninga. Redioni rangi haionekani, na katika maneno yenyewe hakuna kinachomwonyesha msikilizaji kwamba angalizo ni jepesi kuliko tahadhari. Mtangazaji asomaye taarifa aghalabu huziita zote tahadhari, na hivyo ngazi tatu hugeuka kuwa moja. Hatupendekezi maneno mapya hapa. Twapendekeza namba: tahadhari ya kwanza, ya pili na ya tatu. Namba haihitaji kamusi.

Mfano wa kuigwa

Huenda msomaji akasema kwamba tunataka istilahi zibebe mzigo usio wake, na kwamba hakuna neno litakalozuia mvua. Ni kweli. Mwaka mpya wa 2010 ulipowakuta watu wa Kilosa mafurikoni kwa maji ya Mkondoa, ambayo sehemu yake ilikuwa imeshuka kutoka uwanda huu, na reli ya kati kati ya Gulwe na Kilosa ikakatika kwa miezi kadhaa, haikuwa kwa sababu ya uhaba wa maneno. Matuta, mabwawa, makalavati na mitaro ni kazi ya wahandisi. Lakini mhandisi humaliza kazi yake miezi kabla ya mvua. Usiku wa mvua kinachobaki ni sauti ya redio na simu ya mwenyekiti wa kijiji, na hizo zinatumia maneno.

Na mfano wa neno lililofanya kazi yake tunao. Neno mmomonyoko lilichukuliwa kutoka kitenzi cha kawaida, kumomonyoka, likapewa maana ya kisayansi bila ya kuondolewa maana yake ya nyumbani. Halikuhitaji kuelezwa mara mbili. Limo katika vitabu vya shule, limo katika mikutano ya vijiji, na mkulima hulitumia akizungumza juu ya shamba lake mwenyewe. Lilifaulu kwa sababu lilionyesha kitendo: udongo unatoka kidogo kidogo, hapa, sasa. Istilahi za mafuriko nazo zinaweza kujengwa kwa njia hiyo.

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo kwa watafsiri, walimu na watumishi wa umma wanaoandaa taarifa:

1. Mafuriko ya ghafla yabaki, lakini kila mara yafuatwe na muda wa kufika kwa maji na onyo kwamba mvua huweza kuwa imenyesha mahali pengine.

2. Wastani iachiwe hesabu peke yake. Mvua za msimu zilizo karibu na kiasi cha miaka mingi ziitwe mvua za kawaida, na uwezekano au athari isiyo ndogo wala kubwa iitwe ya kati.

3. Mabondeni isitumike peke yake nje ya mahali inapoeleweka. Katika uwanda wa kati yatajwe makorongo, mito ya mchanga, mbuga na miguu ya milima, na panapowezekana majina ya mahali yenyewe.

4. Mbuga, kwa maana ya nchi ya chini ya udongo mweusi inayoshikilia maji, irudishwe katika vitabu vya jiografia na katika ramani za mipango miji, sambamba na maana yake ya hifadhi ya wanyama.

5. Maporomoko ya tope yatumike kwa tukio la tope linaloshuka kwa kufuata njia ya maji, na mafuriko ya tope yaachwe.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa katika ngazi mbalimbali hadi kijijini. Kamati ya kijiji haiandiki istilahi. Huzipokea, na usiku wa mvua huzigeuza kuwa amri: hameni, msivuke, amsheni watoto. Tukiwapelekea neno lisilosema maji yatatoka wapi, yatapita wapi wala yatafika lini, tumewaachia wao kazi ambayo ilikuwa yetu. Mvua za msimu huu zitakapotangazwa, waandaaji wa taarifa waisome rasimu yao kwa sauti, kama itakavyosomwa redioni, kisha wajiulize kama mtu aliyesimama katikati ya mto wa mchanga, akiwa na ng'ombe zake chini ya mbingu nyeupe, angejua kwamba yeye ndiye anayeambiwa.